Poco F1 na OnePlus 6: Nani Kawaambia Hizi ni Takataka?

Najua nimepotea. Kuna kazi ya mteja mmoja imenikaba koo tangu mwezi uliopita, na kila nikijaribu kuandika hapa naona aibu kwamba bado sijaimaliza. Lakini leo nimeamka na hasira, na hasira ikikaa sana tumboni huharibu hata msimbo, kwa hivyo mnivumilie niiteme kwanza.

Juma lililopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Eldoret. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea uandishi wa programu, na alikuwa amejiwekea shilingi elfu kumi na tatu za kununua simu. Si simu ya kupigia picha kwenye sherehe. Anataka simu ya kujaribia programu anazoandika, kwa sababu tarakilishi yake ina memori ya gigabaiti nne tu, na ukifungua emuleta ndani yake unaweza kwenda kupika ugali, ule, uoshe vyombo, na urudi ukute bado inajiandaa. Nikamwambia, "Tafuta Poco F1 au OnePlus 6, mtumba uliotunzwa vizuri." Akaenda dukani. Baada ya saa moja akanipigia tena, sauti imenywea.

"Mjomba, wamenicheka. Wanasema hizo ni za 2018, ni takataka. Wananiambia nichukue hii mpya iliyo kwenye katoni."

Mpya iliyo kwenye katoni! Nikamwuliza ina chipu gani. Akasoma pole pole: Helio G36.

Ngoja niwaeleze maana yake, kwa sababu hapa ndipo tunapopigwa changa la macho. Helio G36 ilitoka 2023, kwa hivyo ni kweli chipu yenyewe ni ya juzi. Lakini ndani yake mna viini vinane vya Cortex-A53, na muundo wa A53 ulitangazwa na kampuni ya ARM mwezi wa Oktoba 2012. Elfu mbili kumi na mbili! Wakati huo mpwa wangu alikuwa darasa la kwanza, hajajua kufunga kamba za viatu. Sasa angalia Snapdragon 845, iliyo ndani ya hizo simu mbili zinazochekwa. Ina viini vinne vikubwa vinavyotokana na Cortex-A75 ya mwaka 2017, vinavyokimbia hadi gigahatsi 2.8, na vingine vinne vidogo vya kufanya kazi ndogo ndogo ili betri isiishe. Chipu hiyo hiyo ndiyo Google waliyoweka kwenye Pixel 3, na Samsung waliiweka kwenye Galaxy S9 zilizouzwa Marekani. Kwa hivyo kati ya mpwa wangu na muuzaji, nani alikuwa ameshika kitu cha kizamani?

Kuna na jambo la hifadhi, ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Watakuambia "gigabaiti 64" kana kwamba gigabaiti zote ni ndugu. Simu nyingi za bei ya chini hutumia eMMC, ambayo ni kama lile daraja la gari moja: wanaotoka wakipita, wanaoingia wanangoja. Ama inasoma ama inaandika. Poco F1 na OnePlus 6 zilikuja na UFS 2.1 tangu siku ya kwanza, na hiyo ni barabara ya pande mbili, inasoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ukiona simu mpya inaganda wakati inasakinisha programu moja huku wewe unataka tu kufungua ujumbe, mara nyingi si chipu peke yake yenye makosa, ni foleni pale darajani.

Basi hayo ya simu mpya tuyaache. Sina ugomvi na mtu anayetoka kwenye kabambe na kununua simu yake ya kwanza ya elfu saba au nane. Ana haki yake na itamfaa. Ugomvi wangu ni na anayemwambia mwanafunzi wa programu kwamba umri wa katoni ndio umri wa simu.

Ugomvi wangu wa pili ni na nyinyi marafiki zangu wa hapa Nairobi, nyinyi wajuzi, ambao niliwasimulia kisa hiki mkasema kwa sauti moja: "Sawa, lakini achukue OnePlus 6. Poco ni plastiki." Hapo ndipo hasira iliponipanda mara ya pili. Mimi ninazo zote mbili. OnePlus 6 nimeitumia miaka, Poco F1 ninayo kwenye meza ya kazi kama simu ya majaribio. Kwa hivyo sisemi mambo ya kusikia.

Tuanze na bei, maana historia yake inafundisha. OnePlus 6 ilizinduliwa London tarehe 16 Mei 2018, na kule Marekani ya bei ya chini kabisa, yenye memori ya gigabaiti 6 na hifadhi ya 64, iliuzwa dola 529. Wakati huo hiyo ilikuwa bei ya rehema kwa simu yenye nguvu za aina hiyo. Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Agosti, Xiaomi wakaleta Poco F1 huko New Delhi. Chipu ile ile, memori gigabaiti 6 zile zile, hifadhi 64 ile ile, kwa rupia 20,999. OnePlus 6 ya kiwango hicho ilikuwa inauzwa India kwa rupia 34,999. Tofauti ni rupia elfu kumi na nne, ubongo ni mmoja!

Zilienda wapi hizo elfu kumi na nne? Zilienda kwenye kioo. OnePlus 6 ina kioo mbele na kioo nyuma, Gorilla Glass 5 pande zote mbili. Ukiishika ni kama umeshika jiwe la mtoni, laini, linang'aa, na linateleza kama samaki aliyepakwa sabuni. Yangu ilianguka kutoka kwenye kiti cha matatu pale Ngara, umbali wa magoti tu, ikapasuka mgongo. Silaumu kampuni, kioo kikianguka hupasuka, ndiyo kazi ya kioo. Swali langu ni: mgongo wa simu unahitaji kioo kwa nini? Simu hii haina chaji ya bila waya, ambayo ndiyo sababu inayotolewa siku zote ya kuweka kioo nyuma. Ni urembo mtupu. Mgongo wa Poco ni plastiki, naam, tena plastiki isiyojificha. Imeanguka jikoni, imeanguka ngazini, mtoto wa jirani ameitumia kama gari la kuchezea. Ina mikwaruzo mpaka inatia huruma. Inawaka.

Betri nayo. OnePlus 6 ina miliampia-saa 3,300, Poco F1 ina 4,000. Tofauti ya 700 si kitu kidogo, hiyo ni zaidi ya moja ya tano. Na kumbukeni tunazungumzia simu za mtumba. Kila betri hupoteza uwezo ikizeeka, na aliyeanza na nyingi hubaki na nyingi. Mtaani kwangu stima ikipotea saa kumi na moja jioni, Poco inanifikisha kulala. OnePlus inaanza kuomba chaja hata kabla habari za saa moja hazijaanza.

Mashabiki wa OnePlus watasema "lakini inachaji haraka!" Kweli inachaji haraka. Lakini ile Dash Charge yao inataka chaja yake na waya wake. Ukitumia waya wa kawaida wa mia mbili uliouziwa mlangoni mwa matatu, kasi yote inapotea. Sasa niambieni, kwenye soko la mitumba ni simu ngapi zinazokuja na waya wake wa asili? Poco inatumia Quick Charge 3.0, na chaja za aina hiyo zimejaa kila mahali. Hata shemeji yangu ambaye hajui tofauti ya waya na kamba anayo moja nyumbani.

Halafu memori kadi. OnePlus 6 haina pa kuiweka, basi. Poco ina nafasi, ingawa lazima uchague: laini ya pili au kadi. Kwa mwanafunzi anayebeba video za masomo ili asimalize bando, hilo si jambo dogo.

Sasa nisije nikaonekana nimelipwa. Poco ina dhambi zake na nitazitaja mwenyewe kabla hamjanitajia. Skrini yake ni IPS ya kawaida, na ukiiweka kando ya AMOLED ya OnePlus 6 utaona weusi wa Poco ni kijivu cha jivu la makaa. (Ila kioo cha IPS kikivunjika, fundi anakubadilishia kwa pesa kidogo kuliko cha AMOLED. Kwa mtumba hesabu hiyo lazima uipige mapema, kwa sababu siku itafika.) Ilipotoka, Poco haikuweza kuonyesha video za Netflix kwa ubora wa juu kwa kuwa cheti chake cha Widevine kilikuwa cha daraja la chini, L3. Walirekebisha kwa sasisho mwaka 2019, baada ya watu kupiga kelele. Sasisho rasmi la mwisho la Poco ni Android 10, OnePlus ilifika Android 11. Na Poco haina NFC.

Kuhusu NFC acheni nicheke kidogo. Kila nikitaja Poco kuna mtu wa kuniambia "haina NFC" kwa uso wa daktari anayetoa habari mbaya. Jamani, nyinyi mlikuwa wapi enzi za BebaPay? Google na Equity walileta kadi za kugusa kwenye matatu mwaka 2013, tukaambiwa pesa taslimu zimekufa. Mwaka 2015 ikafungwa, na konda bado ananidai chenji. Kwa ninavyoishi mimi, malipo ni nambari ya M-Pesa na kubonyeza siri. Sijawahi kukosa NFC hata siku moja. Kama wewe unaihitaji kwa kazi yako, chukua OnePlus na uende kwa amani.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonikera kuliko yote, na hapa zote mbili ziko kwenye meli moja.

Mtu akiniuliza simu ya 2018 itafanyaje kazi leo ilhali kampuni ziliacha kuisasisha, jibu langu ni moja: kufuli. Kuna kiprogramu kidogo kinachoamka kwanza kabisa ukiwasha simu, ambacho huamua ni mfumo upi uruhusiwe kuingia. Sisi waandishi wa programu tunakiita butiloda. Kikiwa kimefungwa milele, simu yako inakufa siku kampuni inapochoka nayo. Kikiwa kinafunguka, wewe ndiye unayeamua. OnePlus 6 inafunguka kirahisi: unawasha ruhusa kwenye mipangilio, unaiunganisha na tarakilishi, unatoa amri moja, simu inafuta kila kitu na imekuwa huru. (Hifadhi picha zako kwanza! Msije mkanitukana.) Kwa hilo naipa OnePlus ushindi bila kubishana. Poco nayo inafunguka, lakini lazima ufungue akaunti ya Xiaomi, uifunge kwenye simu, uombe ruhusa na usubiri siku kadhaa kama mtu anayeomba kitambulisho. Inaudhi. Lakini unasubiri mara moja tu maishani mwa simu.

Na ukishafungua, unakuta mali. Zote mbili zina LineageOS rasmi, na mwaka 2024 zote zilikuwa zinaendesha Android 14, simu zilizozaliwa na Android 8.1. Si hivyo tu. Faili zinazoeleza maumbile ya simu hizi mbili zimo ndani ya Linux yenyewe, ile kerneli kuu, chini ya majina yao ya siri: beryllium ni Poco, enchilada ni OnePlus. Ndiyo maana postmarketOS inawaka juu yake, yaani unaweza kuwa na Linux kamili mfukoni. Ni simu chache mno zenye heshima hiyo, na zilizo nayo hazikuipata kwa sababu kampuni zilitaka. Waliifanya watu wa kujitolea, usiku, baada ya kazi. Mpwa wangu akitaka kujua mfumo wa simu hufanya kazi vipi, ana kitabu kilicho wazi mbele yake. Ile ya kwenye katoni ingempa nini?

Basi nikaiweka LineageOS kwenye OnePlus yangu, ikapata viraka vipya vya usalama. Nikafungua programu ya benki yangu, ambayo sitaitaja kwa sababu bado wana pesa zangu. Ikanijibu kwamba simu yangu si salama. Ikajifunga.

Someni tena hapo. Nilipokuwa na Android 11 ya kampuni, ambayo viraka vyake viliishia 2021, yenye mashimo ambayo dunia nzima inayajua kwa majina, benki ilinipokea vizuri. Nilipoziba mashimo, nikafukuzwa!

Sababu yake ni huduma ya Google iitwayo Play Integrity, iliyorithi kazi ya SafetyNet. Programu ya benki huiuliza: je, simu hii iko vile ilivyotoka kiwandani? Butiloda ikiwa wazi, jibu huwa hapana. Swali la kwamba viraka ni vya lini ni swali jingine kabisa. Kwa simu zenye Android 13 na kuendelea, Google sasa wanataka viraka visiwe vimepitwa na mwaka mmoja ili simu ipewe daraja la juu kabisa la kuaminiwa. Kwa Android 12 kushuka chini, sharti hilo halipo. Yaani simu iliyosahauliwa tangu 2021 inaweza kupata daraja ambalo simu niliyoitunza kwa mikono yangu haiwezi kulipata. Mimi ni mwandishi wa programu, nimewahi kuandika programu za malipo, na naelewa benki zinaogopa nini. Simu iliyofunguliwa inaweza kuwa ya mwizi, inaweza kuwa na programu inayosoma skrini. Sawa. Lakini mlinzi anayemruhusu mwenye mlango uliooza kwa sababu mlango ni wa asili, na kumzuia aliyeweka mlango mpya wa chuma, huyo halindi nyumba, analinda mlango.

Na benki zinaweza kufanya vingine. Jibu la Play Integrity ni taarifa tu, halimlazimishi mtu kufunga programu. Unaweza kupunguza kiwango cha kutuma, unaweza kuomba uthibitisho wa pili, unaweza kumwonya mteja na kumwachia uamuzi. Kufunga mlango kabisa ni uamuzi wa mtu fulani ofisini, aliyeona mstari mmoja wa msimbo ni rahisi kuliko kufikiri. Matokeo yake simu nzuri zinasukumwa jaani, na mwanafunzi mwenye elfu kumi na tatu anasukumwa kwenye katoni.

Mimi nimezunguka hivi: M-Pesa natumia menyu ya laini au *334#, ambayo haijali butiloda ya mtu, na benki natumia nambari zao za mkato. Ni safari ndefu kidogo lakini nafika.

Kwa hivyo mpwa wangu nilimwambia hivi. Chukua Poco. Usiifungue mwaka huu. Programu zako zitajaribika vizuri hata juu ya Android 10, tena ni vyema kujaribu kwenye mfumo mkongwe kwa sababu wateja wako wengi watakuwa huko. Ila usiweke akiba yako yote kwenye programu za simu hiyo, na usisakinishe chochote ulichotumiwa kwenye WhatsApp. Mwaka ujao ukiwa na simu ya pili ya pesa, hii ifungue, uivunje, uijenge upya, ujifunze.

Na kabla ya kulipa, bonyeza *#06# ulinganishe nambari na ile iliyo kwenye risiti. Gusa skrini yote kwa kuburuta ikoni moja kutoka pembe hadi pembe, ikiachia mahali jua kioo kina kasoro. Piga simu ukiwa dukani, usikie spika zote mbili. Muulize kama betri imebadilishwa, na akisema "ni mpya" usifurahi haraka. Mimi niliwahi kuuziwa "mpya" na duka moja mjini, kibandiko kinang'aa, baada ya majuma mawili imevimba kama andazi. Betri ya Poco F1 imeandikwa BM4E, ya OnePlus 6 ni BLP657, mwambie fundi akuonyeshe hizo herufi kabla hajafunika.

Jana jioni alinitumia picha. Amepata Poco F1 ya kijivu, elfu kumi na moja na mia tano, pembe moja imekwaruzika. Programu yake ya kwanza iko kwenye skrini, orodha ya bei za mahindi, inateremka bila kukwama. Anasema kitufe cha sauti ni kigumu kidogo. Nimemwambia Jumamosi apitie kwa fundi akisafishe, na ile elfu moja na mia tano iliyobaki aiweke ya betri.